Mji Uliokuwa Ukiungua Ukutani kwa Papa Mukubwa

Wiki iliyopita nilikuwa napita mtaa wa Sablon, hapa Brussels, nikielekea kazini, nikamkuta bwana mmoja mwenye skafu ya hariri amesimama mbele ya dirisha la duka la vitu vya kale. Alikuwa akimwonyesha mkewe picha ya mji unaoteketea. Mto, daraja, ngome, moshi, mabomu yanaruka juu ya mapaa. Bwana akasogeza pua mpaka karibu iguse kioo, akasema, "Ravissant." Mkewe akaitikia kwamba inapendeza kweli, na kwamba ingekaa vizuri juu ya meza ya kulia chakula. Nikasimama pale na mfuko wangu mkononi, dharau imenipanda. Mlango wa duka ulikuwa wazi. Harufu ya karatasi kuukuu na dawa ya kung'arisha mbao ikanifikia, na mara nikawa mtoto tena, niko katika salon, ile sebule ya wageni, ya Papa Mukubwa kule Laeken.

Nyinyi wa rika langu mnaijua salon ile hata kama hamkuwahi kufika. Kila familia ya Kikongo iliyojiona imefanikiwa hapa Brussels ilikuwa nayo. Sofa za ngozi ambazo watoto hawaruhusiwi kukalia, maua ya plastiki, kabati la vioo lenye bilauri ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea, televisheni kubwa kuliko dirisha. Kwa watu wengine ukutani alikuwepo Yesu, na picha ya harusi, na diploma ya mtoto wa kwanza. Kwa Papa Mukubwa ukutani kulikuwa na vita.

Papa Mukubwa alikuwa kaka mkubwa wa papa yangu. Alikuja Ubelgiji miaka mingi kabla yetu, kusoma historia. Hakumaliza, lakini aliendelea kuongea kama mtu aliyemaliza na kufundisha wengine. Siku za Jumapili alikwenda soko la vitu vikuukuu kule Marolles akarudi na gravure kwapani, imefungwa kwa gazeti. Ndivyo zinavyoitwa picha hizo: mtu alichonga mji kwenye bamba la shaba, akapaka wino, akapiga chapa kwenye karatasi. Zake zote zilikuwa za miji ya mtoni, yenye kuta nene na ngome juu ya kilima, na yote ilikuwa imezingirwa na majeshi. Namur, Huy, Dinant, Maastricht. Karibu mto Meuse wote ulikuwa umetundikwa juu ya zile sofa.

Nilipokua nilijifunza mambo mawili matatu kuhusu picha hizo, kwa sababu ya chuki tu. Wachongaji wengi hawakukanyaga miji waliyoichora. Walikaa kwenye chumba chenye moto wa kuni, wakasimuliwa, wakachora. Pengine bamba la mji mmoja lilifutwa jina, likaandikwa jina jingine, na wanunuzi hawakujua wala hawakujali. Zile za Papa Mukubwa hazikuwa hata za kale. Zilichapwa upya kwa ajili ya watalii, rangi ya moto ikapakwa juu baadaye. Nasema hivi ili mjue ni kitu gani mtu yule alikuwa akijipigia kifua.

Na hebu ziangalieni siku moja, kwa makini. Mbele kabisa, juu ya kilima, pana mabwana wenye kofia za manyoya. Farasi wao wamenona. Pana mbwa, pana mti mzuri pembeni, na bwana mmoja daima ameinua fimbo anaonyesha kule bondeni kama mtu anayechagua nyama buchani. Mji wenyewe uko mbali, mdogo, unaungua kwa adabu. Hakuna mtu mwenye uso ndani ya mji ule. Mwenye uso ni bwana wa kilimani, na farasi wake, na mbwa.

Papa Mukubwa alijiona ni yule bwana wa fimbo. Alikuwa na fimbo yake kweli, kipande cha mti wa pazia, na kila mgeni aliyeingia alitembezwa kutoka mji hadi mji kabla ya kupewa hata maji ya kunywa.

Mama na mimi tulifika kwake tukitoka Bukavu, tukapewa chumba cha juu chini ya paa. Nilikuwa mdogo, lakini nilikumbuka jinsi tulivyotoka. Vita ilipoingia tulivuka daraja la Ruzizi kwenda Rwanda kwa miguu, katikati ya watu wengi waliobeba magodoro. Papa alitusindikiza mpaka darajani, akaniweka chini kutoka mabegani mwake, akasema anarudi kumwangalia bibi, atatufuata. Basi nilipoingia katika salon ile na kuiona gravure ya Namur, sikuhitaji kuelezwa chochote. Vilima, maji, moshi, na daraja limekatika katikati. Huo ulikuwa mji wetu. Nilielewa pia kwa nini papa anachelewa.

Kulikuwa na mistari ya nukta kutoka kwenye mizinga, imepanda juu na kushuka ndani ya kuta, na mwisho wa kila mstari kitu cha mviringo. Sikudhani ni mabomu. Mabomu niliyajua kwa sauti, na picha ile ilikuwa kimya. Kule kambini, ng'ambo ya mpaka, nilikuwa nimewaona watu wakirusha pakiti za biskuti kutoka juu ya lori. Kwa hiyo nilijua: wanarushiwa chakula wale walio ndani. Na mabwana wa kofia juu ya kilima ni wakubwa wa misaada, wale wanaokuja, wanatazama, wanaonyesha kwa kidole, halafu wanarudi garini. Kwenye hilo la pili nadhani sikukosea sana.

Siku moja nilimuuliza Papa Mukubwa.

"Papa yangu iko wapi hapa?"

Alikuwa anasoma gazeti. Akainuka, akachukua fimbo, akaweka ncha yake kwenye paa moja dogo nyuma ya ukuta, mahali ambapo hapakuwa na hata moja ya zile herufi A, B, C za kuonyesha sehemu za mji.

"Iko pale. Bakitengeneza pont, atakuya."

Akarudi kwenye gazeti, ameridhika na akili zake. Simlaumu kwa siku ile. Papa alikuwa hai bado, na mtoto msumbufu hujibiwa chochote. Ninachomdharau ni siku zilizofuata.

Toka hapo kila asubuhi kabla ya shule nilishuka kuangalia kama daraja limetengenezwa. Papa Mukubwa akaona faida. Akanifundisha herufi zilizoandikwa juu ya picha, kila moja na maana yake kwa Kifaransa, ili wageni wakija niwasomee. Nilisimama juu ya kiti, nikapewa fimbo, nikaonyesha. Wageni walipiga makofi. Yeye alitabasamu na kusema kwamba akili ile ni ya ukoo.

Kisha simu ikapigwa kutoka Bukavu. Hili nililijua baadaye, mama aliponisimulia nikiwa mkubwa. Papa Mukubwa aliipokea jikoni, mama akiwa palepale anaosha vyombo. Akatoka nayo ukumbini. Aliporudi, mama alimuuliza ni nani, naye akasema laini mbaya, hakusikia vizuri. Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa amekufa, na yeye akasema laini mbaya.

Kwetu mfiwa haambiwi habari ya kifo ovyo, na hilo silipingi. Wazee hukutana kwanza. Mtu wa kumshika hukaa karibu naye. Maji huwekwa tayari, na hapo ndipo anaambiwa. Ni desturi ya huruma, ili mtu asianguke peke yake. Papa Mukubwa aliichukua desturi hiyo akaifanya mwavuli wake. Kwa maana binti yake Grâce alikuwa karibu kupata komunyo ya kwanza, wageni walishaalikwa, na mpishi wa sherehe alikuwa mama yangu. Mjane halisi hapiki karamu. Basi akaamua mama asiwe mjane mpaka sahani zioshwe.

Akawaambia watu mmoja mmoja, akimwomba kila mmoja anyamaze. Nusu ya Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa mjini, ilijua. Mama aliponipeleka kusukwa kwa Maman Zawadi, ambaye alikuwa na kiti chake katika saluni moja ya Galerie d'Ixelles, wanawake walikuwa wanacheka mpaka tunaingia. Tukiingia, kimya. Mmoja akaninunulia Fanta, mwingine akanipa biskuti, wa tatu akanishika kichwa akaguna. Mimi nilifikiri nimekuwa maarufu kwa sababu ya zile herufi. Nilitoka pale nimevimba kichwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijamsamehe mpaka leo. Siku hizohizo mama alipata koti la kiume la baridi kwenye duka moja la barabara ya chaussée de Wavre, zito, la sufu ya kijivu. La papa. Alisema akifika wakati wa baridi asije akaugua kifua. Akalileta salon kulionyesha. Papa Mukubwa akalichukua, akalivaa. Akajigeuza mbele ya kioo cha kabati, akavuta mikono.

"Iko bien," akasema. "Itamukamata muzuri. Tuko na mabega sawasawa."

Mama akafurahi. Akalipeleka juu, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba chetu, na kila nilipofunga mlango lilikuwa pale. Alijua yule mtu. Alikuwa amelivaa koti la marehemu mdogo wake akijua.

Siku ya sherehe nyumba ilijaa tangu mchana. Mama alikuwa ameamka alfajiri. Sombe ya majani ya muhogo, samaki wadogo wa sambaza wa kukaanga, kuku, ndizi za makemba, mlima wa bugali chini ya kitambaa cheupe. Alivaa aproni juu ya kitenge chake kizuri na hakukaa hata mara moja. Grâce alikuwa na gauni jeupe na taji la maua. Papa Mukubwa alivaa suti ya rangi ya maziwa. Watu walikula, muziki ulipigwa, na nilipofikiri mambo yamekwisha, yeye akasimama kando ya keki, akagonga glasi kwa uma.

"Bon, mes amis! Kabla ya gâteau, mutoto wa ndugu yangu atawapatia cours kidogo. Sifa, kuya."

Mutoto wa ndugu yangu. Alitamka hivyo bila kumeza mate.

Nikapanda juu ya kiti chini ya gravure ya Namur. Nikapewa fimbo, nikagusa ngome, daraja, lango na mizinga.

"A, la citadelle. B, le pont. C, la porte. D, les batteries."

Wakapiga makofi. Nilipaswa kushuka. Lakini wageni walikuwa wengi na nilipenda wanavyonitazama, nikaona nisiwanyime sehemu iliyo bora. Nikainua fimbo hadi kwenye lile paa dogo.

"Na hapa kwenye hakuna lettre, njo papa yangu iko. Anangojea batengeneze pont. Manteau yake iko tayari, iko ku mulango yetu."

Wachache wasiojua wakacheka, wakasema mtoto mzuri. Wengine wote wakainamia sahani zao. Sikuelewa kwa nini hawapigi makofi. Nikarudia, kwa sauti zaidi, nikidhani hawakusikia.

Maman Zawadi akaweka sahani yake chini ya kiti.

"Nani alikuambiaka ivyo, mutoto?"

"Papa Mukubwa."

Akasimama. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, na sikuwahi kumwona na uso ule.

"Weye, hauna haya? Mutoto anaangaliaka ukuta kila siku, na weye unamucheza? Uliniambia ninyamaze mpaka wazee bakutane. Haukuniambia ni juu ya gâteau! Ndugu yako balishamuzika!"

Kisha akageuka na kumwona mama. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika sufuria ya sombe kwa vitambaa viwili.

"Balimuzika nani?" mama akauliza.

Mtu mmoja akaenda kuzima muziki. Maman Zawadi akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mama akatazama uso baada ya uso, na kila uso ulipogeukia pembeni alikuwa anapata jibu lake. Niliona anavyowasoma. Alipomaliza hakupiga ukelele kama nilivyoona wanawake wakifanya nyumbani. Alipumua tu kwa kinywa, kama aliyepanda ngazi nyingi.

"Mama Sifa, weka sufuria kwanza," akasema Papa Mukubwa. Alikuwa bado na glasi mkononi. "Bon. Unajua coutume. Habari ya vile haisemwake ovyo ovyo. Miye nilikuwa nangojea famille ikutane, njo nikuambie muzuri, comme il faut."

Mama akatembea hadi katikati ya zulia, akaweka sufuria chini. Akavua aproni. Akavua viatu, akafungua kilemba chake, akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele yake, kilemba magotini. Hata mtoto wa kwetu anajua maana yake. Mjane akikaa chini, nyumba ile ni ya matanga. Hapachezwi muziki, na hakuna anayekaa juu kuliko yeye.

Papa Mukubwa alitoa macho. Akainama, akashusha sauti, lakini salon nzima ilisikia.

"Simama, tafadhali. Bantu banaangalia. Leo ni fête ya mutoto, quand même. Kesho tutafanya yote."

Mama akainua kichwa. Akawatazama watu waliobanana kwenye zile sofa, waliosimama kwenye korido, waliokaa kwenye ngazi na sahani zao. Wajomba, shangazi, majirani wa Bukavu, wote aliokuwa amewapikia tangu alfajiri.

"Ulikuwa unangojea famille ikutane?" akasema. "Si hii hapa? Imekutana. Muikale chini."

Wa kwanza kukaa alikuwa Grâce. Alishuka na gauni lake jeupe hadi kwenye zulia, akaegemea bega la mama, na taji likamwanguka. Halafu Maman Zawadi. Halafu wengine, mmoja mmoja, na suti zao na vitenge vya sherehe, wakiacha zile sofa tupu kwa mara ya kwanza toka ziliponunuliwa. Sauti ya kilio ilianzia kwenye korido, ikaingia ndani. Papa Mukubwa alibaki amesimama peke yake. Alitazama mlango. Alitazama keki. Mwishowe akavuta suruali juu magotini ili isikunjamane, akakaa, mgongo kwenye ukuta. Namkumbuka zaidi kwa ile suruali kuliko kwa jambo jingine lolote alilowahi kunifanyia, na nilikula kwake miaka miwili.

Nilikuwa bado juu ya kiti. Nikashuka, nikapita katikati ya magoti ya watu mpaka nikamfikia mama.

"Nani alikufa?" nikamuuliza.

Papa Mukubwa akainua mkono. "Hapana. Mutoto haambiwake."

Mama hakugeuka hata kumtazama. Akanivuta, akanipakata, akanishika kwa mikono yote miwili. Ilikuwa na harufu ya mafuta na sombe.

"Papa yako, Sifa," akasema. "Papa yako alikufa. Hatakuya."

Nikalia. Nililia kwa sauti yangu yote mbele ya wageni wake, na hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyethubutu kuninyamazisha.